Zilikuwa Hatua Nne

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na ushuhuda mmoja tu. Aliutoa kila alipopewa nafasi, mwaka hadi mwaka, na nilipokuwa mtoto wa kupelekwa kijijini likizo, kule Bukoba, niliusikia mara nyingi hadi nikawa naweza kuufuatisha kwa midomo bila kutoa sauti. Mwaka mmoja babu alikuwa Uganda akitafuta kibarua, kama walivyofanya wanaume wengi wa Kihaya enzi hizo. Jirani akafariki, akaacha kijana asiyejua vizuri mipaka ya kibanja cha baba yake. Bibi akaamka usiku, akang'oa milamula iliyopandwa mpakani, akaenda kuipanda upya ndani ya shamba la yule kijana. Migomba na mibuni kadhaa ikawa upande wake. Akaila misimu miwili. Halafu akaokoka, na asubuhi iliyofuata akachukua jembe, akapiga hodi kwa jirani.

"Hatua tatu," bibi alikuwa akisema, amesimama katikati ya sebule, kanga kiunoni, vidole vitatu hewani. "Nilimwibia yatima hatua tatu."

Na kila mara, kutoka karibu na mlango alikokaa mzee mmoja akitafuna buni za kuchemsha, sauti ilijibu: "Zilikuwa nne."

Bibi aligeuka, akamtazama, akaongeza kidole. "Nne. Bwana Yesu asifiwe."

"Amina," akasema mzee, na watu wote wakaitikia, wimbo ukaanza.

Yule mzee ndiye aliyekuwa yatima mwenyewe. Siku moja tukimenya ndizi jikoni nikamwuliza bibi kwa nini kila mara anasema tatu wakati anajua zilikuwa nne. Hakucheka. Alisema, "Mjukuu wangu, kila nikikaa siku nyingi bila kusimulia, moyo unapunguza. Ndiyo maana yeye akiwa hayupo, mimi sisimami."

Ni kweli hakusimama. Niliwahi kuona mchungaji mgeni akimwomba atoe neno, naye akakataa kwa heshima kwa sababu jirani alikuwa amelazwa.

Nimekuwa nikiyatafakari maneno hayo ya bibi kwa miaka michache sasa, na yamenibadilisha namna ninavyomsema Yesu. Naamini yeye na wenzake walijua jambo ambalo sisi tuliokulia kanisani, wenye vipaza sauti na makongamano, tumelipoteza mahali fulani njiani.

Bibi alikuwa mmoja wa watu walioitwa Walokole, yaani waliookoka. Habari yao huanzwa kusimuliwa na mkutano wa watu wawili mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala. Mmoja alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, aliyekuja akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa iliyoipiga nchi ile. Mwingine alikuwa Mganda, Simeoni Nsibambi. Wakakaa na Biblia, wakaomba, wakaambiana ukweli kuhusu mioyo yao. Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho ukawaka Gahini, ukaingia Uganda, mwaka 1937 ukafika Kenya, na haukuchukua muda mrefu ukawa umeshuka Buhaya. Wimbo wao ulikuwa wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, na mpaka leo ukiuanzisha mahali penye wazee wa Bukoba hutaumaliza peke yako, hata kama hakuna Mganda hata mmoja.

Walikuwa na msemo wao: kutembea nuruni. Waliuchukua kwa Yohana, katika waraka wake wa kwanza, anaposema "tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi". Wao hawakuufanya fumbo. Kutembea nuruni kulikuwa ni kurudisha jembe la watu. Kulikuwa ni mume kumwambia mkewe kitu ambacho mkewe alikuwa anakijua siku zote. Kulikuwa ni mmisionari mzungu kusimama mbele ya Waafrika na kuungama dharau aliyokuwa nayo moyoni, jambo ambalo katika miaka ile ya ukoloni lilitikisa watu kuliko mahubiri yoyote. Ushuhuda ulikuwa na mhusika, na mhusika alikuwepo.

Mimi nimekulia upande mwingine wa historia hiyo. Nilizaliwa ndani ya Ulutheri, nikabatizwa mchanga, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya. Lugha ya wokovu niliikuta tayari imepikwa, nikapakuliwa. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye jumuiya anaijua: "Bwana Yesu asifiwe! Kwanza namshukuru Mungu kwa kuniamsha salama, kwani wapo waliotamani kuiona siku hii hawakuiona. Pili nashukuru kwa ulinzi wake. Naomba mzidi kuniombea, na mimi nawaombea. Amina." Siyadharau maneno hayo. Yamewabeba watu wengi siku ambazo hawakuwa na maneno yao. Lakini nilikuja kugundua kwamba ninaweza kuyasema yote, mwanzo hadi mwisho, nikiwaza kama nimezima jiko.

Mwaka 2019, mwezi wa tatu, mume wangu alifariki. Figo. Tulikuwa tumehangaika karibu miaka miwili, tukisafisha damu mara tatu kwa wiki, tukiuza kilichouzika. Kanisa lilitusaidia sana, hilo nitalisema mpaka kaburini. Siku ya kumaliza matanga nilisimama mbele ya watu nikasema, "Mungu ni mwema," wakaitikia, "Kila wakati." Nikakaa. Usiku ule nilizima taa bila kuomba, na kesho yake pia, na ikaendelea hivyo. Sikuwa na hasira ya kupiga kelele. Ilikuwa kama simu uliyoichoka: inaita, unaitazama, unaiacha iite mpaka inyamaze. Jumapili nilikwenda ibadani. Zamu yangu ya jumuiya ilipofika nilitoa ushuhuda. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa nguvu.

Hakuna aliyejua, ndivyo nilivyodhani.

Mimi ni muuguzi. Kazini kwangu kuna mwenzangu, Mwislamu, mswalihina kweli, tumepangiwa zamu pamoja kwa muda mrefu hadi tunajuana hatua za miguu koridoni. Miaka kadhaa baada ya msiba wangu, yeye naye alifiwa na mama yake. Aliporudi kazini, usiku mmoja wodi imetulia, tunakunja pamba na gozi, akaniuliza bila kuinua macho: "Dada, wewe ulifanyaje?"

Nikamjibu yale niliyofundishwa. Kwamba Mungu ana makusudi yake. Kwamba kazi yake haina makosa. Kwamba tutaonana asubuhi njema.

Aliendelea kukunja. Akasema kwa upole kabisa, "Hayo hata mimi naambiwa, kwa namna yetu. Sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Nayaamini. Mimi nakuuliza wewe. Kile kipindi ulichokuwa unaingia zamu macho mekundu, ulifanyaje?"

Nilishikwa na aibu ambayo sijawahi kuipata mbele ya mchungaji yeyote. Huyu alikuwa ameniona. Alikuwa pale. Alikuwa yule mzee wa karibu na mlango, na mimi nimesimama na vidole vyangu vitatu.

Basi nikamwambia. Kwamba sikufanya chochote. Kwamba nilikaa miezi minane bila kuomba hata kwa ajili ya chakula. Kwamba mama mmoja wa jumuiya, mama mtu mzima asiyejua kusoma, alikuwa akija kwangu kila Alhamisi jioni na mboga, anakaa kwenye ngazi, anachambua mchicha bila kunihubiria, akiondoka anasema tu, "Leo nimekuombea, pumzika." Na kwamba siku moja nilijikuta nimeanza tena kuomba, kwa sentensi moja isiyo na adabu: "Kama bado upo, mimi nimechoka." Nikamwambia kwamba mpaka leo sijapewa sababu ya kifo kile. Ninachoweza kusema ni kwamba niliyeacha kushika ni mimi, na hata hivyo sikuanguka, na nimeelewa nani alikuwa amenishika.

Ndipo nilipomtaja Yesu. Nilimtaja kama mtu anavyomtaja mtu, kwamba naye alilia kaburini kwa rafiki yake na msalabani alimwuliza Mungu kwa nini. Mwenzangu alisikiliza. Imani yake inamtaja Isa kwa heshima, ila msalaba hatukubaliani, na hakujifanya kukubali. Aliuliza maswali mawili ambayo sikuweza kuyajibu vizuri. Halafu akanisimulia kuhusu mama yake kwa zaidi ya saa moja, kitu ambacho hakuwa amekifanya na mtu yeyote pale kazini.

Petro aliandika tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Nilikuwa nimeukariri mstari huo tangu kipaimara na sikuwahi kuona kwamba unaanza na mtu anayeuliza. Mtu haulizi habari za tumaini la mtu asiyemwona. Anauliza kwa sababu amekuona ukipita mahali, na anataka kujua ulipitaje.

Lazima niseme na upande mwingine, maana nimewahi kukosea vibaya. Nikiwa bado mgeni kazini nilimwekea mkono mgonjwa mmoja aliyekuwa na maumivu makali, nikaanza kumwombea kwa sauti kwa jina la Yesu bila kumwuliza. Alikuwa amefungwa dripu, hawezi kuondoka. Akageuza uso ukutani. Sikuwa nimemwona huyo mama. Nilikuwa najiona mimi nikiomba. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inasema kutangaza dini ni kazi huru, na inasema pia ni jambo la hiari ya mtu. Naishukuru sheria hiyo, lakini kilichonifundisha ni lile shavu lililogeukia ukuta. Siku hizi nauliza. Wengi wanasema ndiyo, na Waislamu wamo. Akisema hapana, namsogezea mto vizuri, basi.

Wahubiri wa kwenye daladala na stendi siwasemi vibaya, Mungu ana njia zake na wapo waliookoka kwa hao. Mimi nimeitwa mahali pengine, kwa watu wanaonijua.

Kuna jambo zito zaidi, nalo siwezi kuliruka kwa sababu mimi ni mtoto wa Kagera. Gahini, ule moto ulikoanzia, iko Rwanda. Mwaka 1994 nilikuwa shule ya msingi. Mwishoni mwa Aprili, ndani ya siku moja hivi, watu zaidi ya laki mbili waliokimbia mauaji ya kimbari walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Mto Kagera ukaleta maiti mpaka Ziwa Victoria, na nyumbani kwetu mama aliacha kupika samaki, hakueleza kwa nini, na sisi watoto tulijua. Baadaye nilikuja kusoma kwamba makanisa kama Nyamata na Ntarama, ambako watu walikimbilia wakidhani ni salama, yaligeuka machinjio, na leo ni kumbukumbu. Nchi iliyokuwa imejaa Wakristo. Nchi ambayo bibi yangu aliitaja kama watu wanavyoitaja chemchemi.

Nilimwuliza bibi iliwezekanaje, akiwa mzee sana. Alikaa kimya muda mrefu. Alisema, "Watu walijifunza kuungama wizi wa ndizi. Yule aliyechukiwa kwa sababu ya ukoo wake hakuwepo sebuleni kusema zilikuwa nne." Sijui kama ndilo jibu. Vitabu vimeandikwa, na historia ya chuki ile ina mizizi mingi, ikiwemo ya wakoloni na ya siasa. Lakini sikuwahi kulisahau. Unaweza kuwa na nyumba inayoimba kila juma, watu wanalia, wanakumbatiana, kumbe mtu anayeijua dhambi yenu kubwa hamjawahi kumpa kiti.

Na hata hivyo ni uamsho uleule uliotoa watu wa aina nyingine. Kenya, wakati wa Mau Mau, wapo ndugu waliokataa kula kiapo na wakakataa pia kushika bunduki ya serikali, wakachukiwa pande zote mbili, wengine wakauawa. Janani Luwum aliokoka katika uamsho huo mwaka 1948. Februari 1977, akiwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kuhusu watu waliokuwa wakiuawa na askari wake. Barua ilikwenda kwa mhusika. Tarehe 16 ya mwezi huo Luwum akauawa. Na kwetu Bukoba, Josiah Kibira, aliyelelewa kiroho na watu hao hao, akawa askofu, kisha mwaka 1977 Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Bibi alimkumbuka kwa jambo dogo: kwamba alipokuja kwenye ushirika alikaa popote penye nafasi na kutoa ushuhuda wake kama wengine.

Najua pia ushuhuda unaweza kuumiza. Wapo walioungama mambo yaliyohusu watu wengine, wakawavua nguo hadharani watu ambao hawakuomba kutajwa. Wapo mabinti waliolazimishwa kusema yaliyowapata mbele ya wanaume wenye mamlaka juu yao. Bibi alikuwa na mpaka wake hapo: alisimulia hatua zake nne, hakuwahi kusimulia za mtu mwingine, na kwa jirani alikwenda kwanza peke yake, kabla kanisa halijajua. Walipomaliza kuirudisha milamula mahali pake, alimwomba ruhusa ya kusema. Hilo la ruhusa nililijua kwa mzee mwenyewe, siku ya mazishi ya bibi. Alisema alikubali kwa sharti moja, kwamba na yeye awepo.

Mwaka jana, zamu ya ibada ya jumuiya ilipofika kwangu, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nimeamua. Nilipanga viti, nikatandika mkeka kwa ajili ya watoto, nikachemsha chai ya tangawizi. Binti yangu alikuwa amerudi kutoka chuo. Nilitaka kumwomba ruhusa kwanza, kama bibi, maana habari ilikuwa yake pia. Nikamfuata jikoni, nikamwambia, "Mwanangu, leo nataka kusema kweli kuhusu kipindi cha baba." Alikuwa anakata mkate. Akasema, "Sema tu, mama."

Mzee wa kanisa alipomaliza neno, akauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Nikasimama. Magoti hayakuwa yangu. Niliwaambia wale watu kumi na saba, ambao wengi wao walinichangia damu na fedha, kwamba walipokuwa wakinisikia nikimshukuru Mungu kwa kunipa nguvu, nilikuwa nimekaa miezi minane sijamwambia neno. Nikamtaja yule mama wa mchicha, ambaye alikuwa ameketi pale pale karibu na dirisha, akaficha uso kwa mtandio. Nikasema nampenda Yesu, na kwamba nampenda sasa kwa namna ambayo sikuijua nilipokuwa mwepesi wa kulisema.

"Ilikuwa zaidi, mama."

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sinia ya mkate mikononi. Hakusema kwa ukali.

"Ilikuwa mpaka mtihani wangu wa kidato cha pili. Usiku ule ulishika kalamu yangu ukaombea kalamu. Kabla ya hapo ulikuwa unaniambia niombe mimi, halafu unatoka nje."

Nikahesabu kimoyomoyo. Machi 2019. Mtihani wa kidato cha pili ni Novemba, na huo ulikuwa wa mwaka uliofuata. Miezi ishirini.

"Ishirini," nikasema.

Hakuna aliyeitikia amina. Mzee wa kanisa alikuwa amefumba macho. Binti akaiweka sinia mezani, akafuta mikono kwenye gauni lake, akabaki amesimama.

"Na mimi niliacha," akasema. "Ulipokuwa unatoka nje, nilikuwa nasema amina kwa sauti ili usikie. Sikuwa naomba kitu."

Yule mama wa karibu na dirisha akasogea kwenye mkeka, akapiga mahali palipobaki wazi kwa kiganja chake, na binti yangu akaenda akakaa.